Seli shina: Tumaini kwa wenye kovu la ulimi, ila mgonjwa asikurupuke

PIKIPIKI inapogongana na gari katika mojawapo ya barabara kuu zinazoingia Eldoret, wanaokimbilia kumwokoa mwendeshaji hutazama kichwa, kifua na miguu. Ni nadra mtu kuuliza kuhusu ulimi. Ilhali taya linapogonga lami, meno hufungana kwa nguvu, na kilicho katikati yake ni ulimi.

Ajali za barabarani si chanzo pekee. Mtu mwenye kifafa anaweza kuuma ulimi wake vibaya akiwa hana fahamu. Watoto huanguka wakicheza huku ulimi ukiwa nje. Wapo pia wanaokunywa magadi ya sabuni kimakosa, kwa kuwa yalitiwa katika chupa ya soda. Aidha, kuna wagonjwa wa saratani ambao hukatwa sehemu ya ulimi ili kuokoa maisha yao, au huchomwa kwa miale hadi nyama ya kinywa ikakakamaa.

Wengi wa majeruhi hawa hupona vyema. Wachache hubaki na kovu gumu linalouvuta ulimi upande mmoja au kuugandisha sakafuni mwa kinywa. Kwao, kumeza ugali huwa kazi, kusema huwa aibu, na mate huchuruzika bila hiari. Ni wagonjwa wa aina hii wanaosikia habari za seli shina kwa hamu kubwa, kwani wanaambiwa kuwa seli hizo zinaweza kuondoa kovu na kuurejesha ulimi ulivyokuwa.

Je, madai hayo ni ya kweli kiasi gani? Jibu fupi ni kwamba wazo lenyewe lina msingi katika sayansi, majaribio yamekwisha kuanza, lakini tiba ya seli shina kwa kovu la ulimi bado ni jambo la utafiti. Si huduma ya kawaida ambayo mgonjwa anaweza kuingia hospitalini akaiagiza. Yeyote anayeiuza kana kwamba imekwisha kuthibitishwa anauza kitu ambacho hana.

Ulimi huponaje?

Waswahili husema ulimi hauna mfupa. Maneno hayo, ingawa yalikusudiwa wasemao ovyo, yanaeleza pia umbo lake. Ulimi ni fungu la misuli minane ya aina mbalimbali. Minne iko ndani yake kabisa na kazi yake ni kubadilisha umbo, yaani kuufanya uwe mwembamba, mpana, mfupi au uliojikunja. Minne mingine huuunganisha na taya, fuvu na mfupa mdogo wa shingoni, na kazi yake ni kuusogeza mbele, nyuma, juu na chini. Nyuzi za misuli hiyo hupishana pande zote, mithili ya ukili uliosukwa.

Juu ya misuli hiyo upo utando laini wenye vionjo vya ladha. Utando huo hujifanya upya upesi mno. Seli za kuonja, kwa mfano, hufa na nyingine kuchukua nafasi zake katika muda wa wiki mbili hivi. Ndiyo maana mtu aliyeungua ulimi kwa chai moto asubuhi hujisahau baada ya siku chache. Kwa jumla, vidonda vya ndani ya kinywa hupona haraka kuliko vya ngozi, na huacha kovu dogo zaidi.

Tatizo huanza jeraha linapozama hadi kwenye msuli. Msuli nao una akiba yake. Kando ya kila uzi wa msuli hulala seli ndogo ambazo mwanasayansi Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961. Msuli ukichanika kidogo, seli hizo huamka, hugawanyika na kuungana ili kuziba pengo. Lakini pengo likiwa kubwa, akiba hiyo haitoshi. Mwili, ambao shabaha yake ya kwanza ni kuzuia damu na vijidudu, hauwezi kungoja. Hutuma seli za aina nyingine ambazo hutandaza nyuzi za kolajeni kwa haraka.

Nyuzi hizo ndizo kovu. Ni imara, zinaziba, zinazuia damu, ila hazinyumbuliki wala hazijikunji kama msuli. Ni sawa na shati lililotiwa kiraka cha turubai: halivuji, lakini halikunjiki tena pale palipo kiraka. Kadiri wiki zinavyopita, kovu hujikaza na kuvuta nyama iliyo jirani. Iwapo neva ya ulimi nayo imekatika, msuli uliosalia hudhoofika kwa kukosa amri kutoka kwenye ubongo.

Athari zake husikika mara moja katika mazungumzo. Ili kutamka 't', 'd', 'n', 'l' na 'r', ncha ya ulimi haina budi kuinuka na kugusa ufizi wa juu. Sauti za 'th' na 'dh', kama katika 'thamani' na 'dhahabu', huhitaji ncha ipite katikati ya meno. Ulimi uliofungwa na kovu haufiki huko. Mwalimu, mhubiri, wakili au mchuuzi aliyeumia hivyo hupoteza chombo chake cha kazi. Isitoshe, chakula kisichosukumwa sawasawa nyuma ya kinywa kinaweza kuingia katika njia ya pumzi na kusababisha homa ya mapafu.

Seli shina ni nini?

Seli nyingi mwilini zimekwisha kupewa kazi moja. Seli ya ini haiwezi kuwa ya mfupa, na ya ngozi haiwezi kuwa ya moyo. Seli shina ni zile ambazo bado hazijafungwa katika kazi moja, au zimefungwa kwa kiasi tu. Zina sifa mbili: zinaweza kujizalisha zenyewe, na zinaweza kuzaa seli zenye kazi maalumu.

Zipo za aina kadha. Zile za kiinitete, ambazo James Thomson na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walifaulu kuzikuza kutoka kwa binadamu mnamo 1998, zinaweza kuwa karibu seli yoyote. Zile za mtu mzima hupatikana katika uboho wa mifupa, mafuta, ngozi na misuli, na uwezo wake ni finyu zaidi. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa nyuma ikawa kama ya kiinitete. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2012, pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Kuna mahali ambapo tiba hii si ndoto tena. Upandikizaji wa uboho, ulioanzishwa na Daktari E. Donnall Thomas nchini Marekani katika miaka ya 1950, umewaokoa wagonjwa wengi wa saratani ya damu. Mwaka 1983, ndugu wawili wadogo walioungua karibu mwili mzima walitibiwa mjini Boston kwa ngozi iliyokuzwa kutokana na seli zao wenyewe, wakapona. Hata hivyo, ngozi ya aina hiyo haina tezi za jasho wala vinyweleo. Yaani, hata pale sayansi ilipofaulu, haikurejesha kila kilichopotea.

Majaribio ya ulimi yamefika wapi?

Kwa upande wa ulimi, kazi kubwa imefanywa kwa wanyama, hasa panya. Watafiti hukata sehemu ya ulimi wa panya, kisha huweka pale seli za msuli au za uboho zikiwa zimechanganywa na utando au ute wa kuzishikilia. Wazo ni kuongeza akiba ambayo msuli ulikosa, na wakati huohuo kutuliza uvimbe unaochochea kovu. Matokeo ya jumla yanatia moyo. Lakini ulimi wa panya ni mdogo kuliko ukucha wa mtoto, na panya haulizwi kama anaweza kutamka 'dhahabu'.

Kwa binadamu, hatua ni chache na za mwanzo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, walichukua seli za msuli kutoka kwa wagonjwa wenyewe, wakazikuza katika maabara na kuzidunga katika ndimi zao. Wagonjwa hao walikuwa wamepata shida ya kumeza baada ya matibabu ya saratani ya kichwa na shingo. Jaribio la ngazi hiyo hulenga kwanza kujua kama tiba ni salama. Halikusudiwi kuthibitisha kwamba inaponya.

Jaribio jingine lililo karibu na suala hili lilihusu nyuzi za sauti zilizo kooni, ambazo pia huota kovu. Kikundi cha watafiti katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, Uswidi, kilikata kovu hilo kwa wagonjwa 16, kisha kikadunga seli kutoka kwenye uboho wa kila mgonjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, baada ya kuwafuatilia wagonjwa kwa mwaka mmoja, hayakuonyesha madhara makubwa, na wengi walipata nafuu. Watafiti hao walianza na wanyama, wakaomba idhini, wakachukua wagonjwa wachache, na wakatoa taarifa ya yote waliyoyaona.

Funzo la Stockholm

Jina la Karolinska, hata hivyo, linabeba kisa kingine ambacho Afrika Mashariki haipaswi kukisahau, kwa kuwa mwathiriwa wa kwanza alikuwa mtu wa ukanda huu.

Mnamo Juni 2011, katika hospitali ya chuo hicho, daktari mpasuaji Paolo Macchiarini alimwondolea mwanafunzi raia wa Eritrea, aliyekuwa akisomea Iceland, bomba la pumzi lililokuwa na uvimbe. Badala yake alimwekea bomba la plastiki lililokuwa limelowekwa katika seli za uboho wa mgonjwa huyo. Dunia iliambiwa kuwa seli hizo zingeota juu ya plastiki na kuigeuza kuwa kiungo hai. Jarida maarufu la tiba, The Lancet, lilichapisha habari za ufanisi huo kabla ya mwaka kwisha, na vyombo vya habari vikashangilia.

Seli hazikuota kama ilivyodaiwa. Mwanafunzi huyo alifariki Januari 2014, baada ya mateso ya muda mrefu. Wagonjwa wengine wawili waliopasuliwa Uswidi kwa njia hiyo walifariki pia. Uchunguzi ulibaini kwamba majaribio ya kutosha kwa wanyama hayakuwa yamefanywa, na kwamba utaratibu wa idhini ya kimaadili haukufuatwa. Karolinska ilimfuta kazi Macchiarini mwaka 2016, na The Lancet ikaifuta makala hayo mwaka 2018. Mnamo Juni 2023, mahakama ya rufaa ya Uswidi ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kuwadhuru wagonjwa hao watatu.

Tofauti ya visa hivi viwili haikuwa katika seli. Vyote vilitumia seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, katika jiji lilelile na chini ya jina la taasisi ileile. Tofauti ilikuwa katika hatua zilizofuatwa. Mmoja aliruka ngazi, na waliolipa ni wagonjwa.

Yapo pia madhara yanayotokea hata pale ambapo hakuna aliyekusudia ubaya. Mwaka 2014, madaktari wa Marekani waliripoti habari za mwanamke aliyekuwa amewekewa uti wa mgongoni nyama kutoka puani mwake, akitumai kupona kupooza kwa miguu. Miaka minane baadaye alipatikana na uvimbe mgongoni uliokuwa ukitoa kamasi. Seli zilifanya kazi zilizoijua. Mwaka 2017, taarifa nyingine ilieleza jinsi wanawake watatu wa Florida walivyopofuka, au karibu kupofuka, baada ya kudungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao. Kwa ulimi hatari ni dhahiri: kiungo hiki kiko mlangoni mwa njia ya pumzi, na uvimbe wowote hapo unaweza kumziba mtu hewa.

Eldoret inaweza kufanya nini?

Mgonjwa wa Uasin Gishu, Nandi au Elgeyo Marakwet hajaachwa bila msaada. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama zahanati ndogo ya wenyeji, leo ni hospitali ya pili ya rufaa ya kitaifa. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990 na ambacho hufunza pia madaktari wa meno.

Tiba zilizothibitishwa hazina mvuto wa habari za seli shina, lakini ndizo zinazofaa kuanza nazo. Kovu linaloufunga ulimi linaweza kukatwa na kushonwa upya kwa mtindo unaorefusha nyama. Kovu dogo lililovimba linaweza kudungwa dawa ya kulipunguza. Aliyepoteza sehemu kubwa ya ulimi anaweza kujengewa upya kwa nyama na ngozi kutoka mkononi au pajani. Zaidi ya hayo, mazoezi ya ulimi chini ya mtaalamu wa matamshi na kumeza humfundisha mgonjwa kutumia kilichosalia. Wataalamu wa fani hiyo ni haba nchini, na upungufu huo ni pigo kubwa kwa mgonjwa wa kawaida kuliko kukosekana kwa seli shina.

Iwapo siku moja majaribio ya seli shina yataletwa Eldoret, hayatakuta jiji lisilojua utafiti. Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa chuo, hospitali hiyo na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana, ulijenga tiba ya virusi vya ukimwi na utafiti kwa pamoja. Hospitali na chuo zina kamati ya pamoja ya maadili ya utafiti. Jaribio la tiba mpya halina budi pia kupata kibali cha tume ya kitaifa ya sayansi na cha bodi ya dawa na sumu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inadai mgonjwa aelezwe hali yake na tiba anayopewa kwa lugha anayoielewa, na ina sehemu nzima inayohusu viungo, damu na tishu za binadamu.

Kwa hivyo, mtu anayeahidiwa tiba ya seli shina, iwe mjini Eldoret, Nairobi au ng'ambo, anapaswa kuuliza maswali machache kabla ya kuuza shamba au kuandaa mchango wa harambee. Je, hili ni jaribio au tiba iliyoidhinishwa? Ni kamati gani ya maadili iliyolikubali, na barua yake iko wapi? Seli zinatoka wapi, na nani anazikuza? Wagonjwa wangapi wenye kovu la ulimi wametibiwa hivyo, na hali yao ikoje baada ya mwaka mmoja? Nani atagharamia matatizo yakizuka? Na je, daktari mwenyewe amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno?

Dalili moja ya hatari haihitaji ujuzi wa udaktari kuitambua. Kliniki inayodai kwamba sindano ileile hutibu ulimi, magoti, kisukari na upofu haitibu chochote kati ya hivyo. Vilevile, mgonjwa anayetozwa fedha nyingi ili ashiriki katika kinachoitwa utafiti ana sababu ya kutilia shaka.

Kinga na huduma ya kwanza

Kovu bora zaidi ni lile ambalo halikuota. Kofia ya pikipiki inayofunika taya hulinda ulimi kuliko ile ya kufunika utosi pekee. Mwenye kifafa asitiwe kijiko wala kijiti kinywani akiwa katika kifafa. Kufanya hivyo huvunja meno na kuongeza majeraha. Alazwe kwa ubavu, mate yatoke. Dawa zake akizimeza kila siku bila kukatiza, ulimi wake utakuwa salama zaidi. Magadi ya sabuni yasiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Aliyeyanywa asukutue kinywa kwa maji, asilazimishwe kutapika, na apelekwe hospitalini mara moja.

Aliyejiuma vibaya aketi huku ameinama mbele ili damu isiingie kooni, na kitambaa safi kikandamizwe kwenye jeraha. Michubuko mingi midogo hupona bila kushonwa. Lakini jeraha lililofunguka, lisiloacha kutoa damu, au lililopasua ncha ya ulimi linapaswa kushonwa siku hiyohiyo. Kipande kikikatika kabisa, kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu. Baada ya kupona, mazoezi ya ulimi yaanze mapema kadiri daktari atakavyoruhusu, kabla kovu halijajikaza.

Mfa maji haishi kutapatapa, na hakuna haki ya kumlaumu mtu aliyepoteza sauti yake kwa kutafuta kila mlango. Wajibu wa madaktari, wenye mamlaka na wanahabari ni kuhakikisha mlango anaouona wazi si wa shimo. Sayansi ya seli shina inasonga mbele, na huenda siku ikafika ambapo kovu la ulimi litatibiwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe. Kwa sasa, mgonjwa anayeshauriwa kuanza na upasuaji wa kawaida na mazoezi ya matamshi asidhani kwamba amenyimwa kilicho bora. Hicho ndicho kilichothibitishwa hadi leo.